Kidole Changu na Makaburi ya Masista

Nilipokuwa mtoto kule Itaka, hakuna aliyethubutu kulinyooshea kaburi kidole. Kidole kingeoza. Ukijisahau, unakiuma hapohapo, ndiyo salama yako.

Sasa mimi, niko darasa la nne, Sista Agripina akanichagua niwasimulie wageni historia ya shule yetu. Masista watatu walioianzisha wamezikwa nyuma ya kanisa, karibu na mibuni. Nilitakiwa nieleze nani alisimamia tofali za darasa la kwanza, nani alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wazazi watoto wa kike, nani alifundisha kushona. Na kila nikitaja jina, ninyooshe kidole.

Nilipomwambia bibi, aliacha kupukuchua mahindi. "Wee. Mwambie Sista wako anyooshe cha kwake."

Nani angemwambia Sista hivyo? Wiki nzima sikutulia. Nilikitazama kile kidole, nikakinusa, nikawaza nitaandikaje bila hicho.

Siku ikafika. Nikanyoosha kwa wa kwanza, nikauma. Kwa wa pili, nikauma zaidi. Kwa wa tatu niliuma mpaka damu ikatoka, na jina lake sikulimaliza. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu mtoto hajanywa chai?" Watu wakacheka. Nikalia mbele yao wote, tena kwa sauti.

Kidole kilivimba, kikatunga usaha. Bibi alikiangalia tu. "Si nilisema?" Ni meno yangu yaliyokiharibu, si marehemu, lakini nani angebishana na bibi.

Aliyenifunga bandeji ni Sista Agripina. Alikuwa Mnyiha kama sisi, wa kijiji cha jirani. Nikamweleza yote. Akasema taratibu, "Nisamehe, mwanangu. Hata mimi bibi yangu alinikataza. Ndiyo maana kila mwaka natafuta mtoto."

Nilimkasirikia miaka na miaka. Mtu mzima, tena sista, ananitanguliza mimi.

Leo nafundisha shule ileile, na yeye amelala pale, kaburi la nne. Jumamosi wageni wanakuja, na mwalimu mkuu ameniachia mimi mambo ya historia. Jana nikamteua msichana wa darasa la nne, mtoto msikivu, wala sikujiuliza kwa nini sikujiteua mwenyewe. Asubuhi hii, nikikoroga uji, ndipo nikajiona nafanya yaleyale ya Sista Agripina. Niliona aibu, na ile hasira ya zamani ikaniishia.

Nimemwambia yule mtoto akakae na wenzake. Nitasimama mwenyewe. Nitaanza na Sista Agripina, na mkono ukitetemeka, watoto wauone.