Bangili ya Balbir Redioni

Gurnam, jirani yangu hapa Bordesley Green, huku ughaibuni, alizaliwa Nakuru na akajifunzia ufundi wa magari hukohuko. Nakumbuka siku tuliyojuana, mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa namgombeza mwanangu Issack uani kwa Kiswahili, kichwa chenye kilemba kikachomoza juu ya ukuta.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Isiolo. Na shule nimesoma: darasa la saba, namba mbili kati ya watoto arobaini."

"Lo! Basi mimi nitasimama kwa heshima nikiongea na wewe."

Alikua katikati ya Waislamu, kwa hiyo adabu zetu alizijua. Kwetu, aliyepanda chombo ndiye humsalimu anayetembea. Miaka yote hiyo, akiwa ndani ya gari lake kuukuu, hakuniacha nipite hivihivi.

"Salaam, Mama Issack! Miguu bado iko?"

"Iko, Kalasinga. Na wewe hilo gari litakuzika."

Ndivyo tulivyotaniana.

Mwaka juzi mkewe, Balbir, alipatwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa na sauti ikabaki mnong'ono. Watoto wao wako Kanada. Gurnam akawa yeye mpishi, yeye dobi, yeye mbebaji. Akichoka huenda kukaa garini, pale mbele ya nyumba, kwa sababu ndani ya gari hakuna wa kumwomba kitu. Lakini atamsikiaje mgonjwa aliye chumba cha juu?

Fundi hakosi njia. Alichukua kile kidude ambacho madereva wa teksi huchomeka garini ili nyimbo za simu zitoke kwenye redio. Akakiunganisha na kipaza sauti, akakiweka karibu na mto wa Balbir. Hakirushi sauti mbali, nyumba mbili tu. Balbir akihitaji kitu, hugonga kitanda kwa bangili yake ya chuma, ting ting ting, na Gurnam huisikia kwenye redio ya gari.

Mimi sikuyajua hayo. Asubuhi moja nilikuwa nasogeza mshale wa redio nikitafuta habari, nikaisikia inapumua. Pumzi nzito, za mtu kabisa. Nilisoma Ayatul Kursi, mkono kifuani. Kisha redio ikasema, "Balbir, chai tayari," nami nikakatisha kisomo changu hapo, nikamfuata Gurnam ukutani.

"Wewe! Chumba chako cha kulala kiko jikoni kwangu!"

Alicheka hadi akashika mbavu. Halafu uso ukabadilika.

"Mama Issack, acha mshale hapohapo. Kifua changu hiki si kizuri. Siku mimi sitasikia, wewe usikie."

"Mimi si mtu wa kusikiliza vyumba vya watu. Sikulelewa hivyo."

"Balbir hawezi kuinuka, mama."

"Mtafutie nesi."

Nilirudi ndani, nikausogeza mshale mbali. Niliona nimefanya jambo la heshima.

Hazikupita siku tisa. Ilikuwa Januari, theluji imeganda barabarani. Nilitoka kununua maziwa, nikamwona Gurnam garini, kilemba kimeegemea kiti. Nilipunguza mwendo, nikangoja salamu yangu. Haikuja. Nikasema moyoni, kumbe amekasirika kwa yale maneno. Mimi nianze? Mimi ninayetembea? Nikapita na shingo yangu imenyooka.

Niliporudi alikuwa vilevile. Kioo cha gari kilikuwa safi, hakuna mvuke wa pumzi. Nililiona hilo, wallahi nililiona, nikaingia kuchemsha maziwa.

Maziwa hayakuwahi kuchemka. Kitu kilinivuta hadi kwenye redio. Niliurudisha mshale polepole.

Ting ting ting.

Kimya.

Ting ting ting. Safari hii kwa haraka, kama mtu anayebisha mlango uliofungwa. Kisha ule mnong'ono: "Gurnam. Gurnam."

Nilitoka bila viatu. Mlango wa gari ulifunguka. Nilimgusa mkono, ulikuwa baridi kama chuma cha usukani. Redio ya gari ilikuwa inawaka, na humo ndani ya gari mkewe alikuwa anamgongea, anamgongea, sikioni pake.

Nilipiga simu ya dharura. Kisha nikapita mlango wao wa nyuma, ambao Gurnam hakuwahi kuufunga, nikapanda ngazi.

Balbir alikuwa amelowa, midomo imekauka. Sijui alikuwa amegonga tangu saa ngapi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimechubuka hadi damu. Nilimnywesha maji kijiko kwa kijiko. Alinitazama miguu mitupu, akatazama mlango nyuma yangu.

"Gurnam yuko wapi?"

Karibu na mto, kile kidude kilikuwa kinawasha taa yake ndogo nyekundu. Nilijua kila neno nitakalosema litatokea kule chini, garini, alikokaa.

"Yuko garini, Balbir," nikasema. "Redio yake inawaka. Sema naye."