Baba Mkubwa Urbani na Simu Iliyomjazia

Hapa Mapera hakuna kadi ya mchango iliyowahi kumpita Baba Mkubwa Urbani. Harusi, kipaimara, jubilei ya padri, msiba wa mtu aliyemwona mara mbili tu mnadani, yeye yumo. Siku ya kusoma majina ya waliotimiza ahadi kwenye jumuiya, utamkuta benchi la mbele, kofia magotini, anasubiri lake. Likisomwa, anakohoa kidogo. Nampenda sana mzee huyu. Ni kaka wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha nne. Lakini kile kikohozi chake kilikaribia kumfilisi.

Mimi ni wakala wa fedha za simu, nina kibanda jirani na mashine ya kusaga. Macho yake yamechoka, kwa hiyo ujumbe wa watu huwa namsomea mimi. Ule wa kampuni ya simu hakuwahi kuniletea hata siku moja, maana alidhani ni matangazo.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja kibandani asubuhi, hata salamu yangu hakuiitikia.

"Hilda mwanangu, simu imeniibia."

Nikaisoma. Shangazi Emerensiana, mdogo wake aliyeolewa kule Mbaha ziwani, alikuwa ametuma laki moja na themanini anunuliwe magunia mawili ya mahindi kabla bei haijapanda zaidi. Dakika ileile ukaingia ujumbe wa pili: laki moja thelathini na moja elfu na mia nne zimekatwa kulipia deni. Zilizobaki ni elfu arobaini na nane na mia sita.

"Baba Mkubwa, ulikopa."

"Sijakopa kwa mtu. Simu iliniuliza, salio lako halitoshi, tukujazie? Bonyeza moja. Nikabonyeza. Mtu akitaka kukujazia utamkatalia?"

Nilikasirika, tena sana, nikachukua daftari ili nisije nikamkosea adabu. Nikamwandikia kwa herufi kubwa. Ukijaziwa elfu hamsini, siku hiyohiyo wanaandika elfu mbili juu yake, na kila kukicha mia sita. Siku ishirini zikipita ni elfu kumi na nne, kuku mzima, na ile hamsini yenyewe bado iko palepale. Pesa yoyote ikiingia wanaanza wao kujilipa. Mfuko unabaki mkavu, kadi nyingine ya mchango inakuja, unabonyeza moja tena, na elfu mbili nyingine inaanza upya.

"Lakini walikuwa wananiongezea kiwango," akasema. "Nilianza na elfu arobaini, nikafika laki na nusu. Nilijua wananiamini."

"Wanakuamini kweli. Ndiyo biashara yao."

Akageuza kofia mikononi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba atapita kwa Hamphrey. Huyo Hamphrey hutoa magoma: anakupa hela leo, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, na wakati wa mavuno anaibeba kwa chini ya nusu ya bei. Na huyu ni mtu aliyejisifu miaka thelathini kwamba hakuna punje yake iliyowahi kwenda magoma.

"Unatoka kwenye simu unaingia magoma?" nikamuuliza. "Si umwambie tu shangazi?"

"Ni mjane, Hilda. Amenitumia mimi kwa sababu ananiamini. Nikamwambie nini, kwamba mahindi yake nimeyachangia harusi?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hasira yangu yote ikaniishia. Niliongeza fedha kwenye ile iliyobaki tukanunua gunia moja, nauli nikalipa mimi. Sharti langu lilikuwa moja, kwamba tunakwenda wote na atasema mwenyewe.

Shangazi tulimkuta ufukweni anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja. Nikampa shikamoo. Akalitazama gunia, akatazama nyuma yetu kama kuna jingine linakuja, akamtazama kaka yake.

"La pili limeanguka njiani, kaka?"

Baba Mkubwa akavua kofia akamweleza yote, bila kujitetea. Shangazi aliendelea kugeuza usipa kwa mkono, samaki kwa samaki. Alipomaliza safu ile akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye msomi. Nisomee huo ujumbe wa kujaziwa. Anzia wa kwanza kabisa, nijue mahindi yangu yamemlisha nani."

Nikashuka chini kwenye simu mpaka vidole vikachoka, nikipita harusi ya binti wa William, jubilei, paa la kigango. Wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili nyuma, mwezi wa tano. Nikausoma kabla sijaelewa ninachokisoma. Umetuma elfu arobaini. Salio lako lilikuwa elfu tano, umejaziwa elfu thelathini na tano. Mpokeaji, Emerensiana.

Siku ile mume wake, Augustino, alikuwa amelala ndani na mbao za jeneza zilikuwa hazijapatikana.

Shangazi akaacha kugeuza samaki.

"Uliniambia umeuza nguruwe," akasema.

"Nguruwe alikuwa bado mdogo."

Kisha shangazi akafuta mikono kwenye kanga na kuniuliza, kama mtu anayeuliza bei, simu sasa inamdai kiasi gani. Nikasema haimdai, imekwisha kujilipa yote.

"Basi sasa anadaiwa na mimi. Na deni langu halizai kila kukicha. Mtoe huko kabla hajabonyeza tena."

Nikaingia kwenye huduma, nikatafuta mahali pa kujitoa. Simu ikauliza kama ana uhakika. Nikampa abonyeze mwenyewe. Alibonyeza moja, mara yake ya mwisho.

Jumamosi iliyofuata jumuiyani, Mama Kunigunda, mweka hazina wetu, alisoma ahadi za harusi ya Vitalia. Alipofika kwa Baba Mkubwa alikwisha shika kalamu kuandika. Mzee akasimama. "Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka huu sina. Nitakuja kuchota maji na kupasua kuni." Benchi zima likageuka. Mama Kunigunda akaandika kuni, akaendelea na jina linalofuata. Nilijua kusema vile kulimuuma kuliko kuuza kahawa magoma, na sijawahi kujivunia mtu namna ile.

Kahawa yake ilikwenda ushirika yote. Malipo yalipotoka alitoa fedha taslimu tukateremka tena Mbaha. Akamhesabia dada yake laki moja thelathini na moja elfu na mia nne, pamoja na zile nilizoongeza mimi kwenye gunia nikakataa kurudishiwa, zile mia nne za sarafu kazifunga kwenye kitambaa.

Shangazi akazipokea, akazihesabu upya bila haraka. Kisha akatenga noti nne za elfu kumi, akazikunja na kumtia kaka yake kwenye mfuko wa shati.

"Hii ya Augustino," akasema. "Alikuwa hapendi kudaiwa."

Baba Mkubwa akataka kukohoa kile kikohozi chake, kikakataa kutoka. Akalia palepale mbele ya chanja, na shangazi akasogea akasimama ubavuni mwake mpaka alipomaliza.