Matumbo Yametosha

Hii ninayowaletea hamtaiamini, na sitanuna. Hata hapa kwetu La Cuchilla wapo walioyaona haya kwa macho yao, na bado nikianza kusimulia hutazamana na kuinua nyusi. Shauri yao. Ni habari ya muuguzi aliyewashawishi watu wa mlima mzima, watu wasiokubali hata kung'olewa jino, wameze mpira wenye kamera, mrefu kama kamba ya kufungia nyumbu, na wakaumeza, na juu ya hayo wakamshukuru. Muuguzi huyo ni Dilcia Orellana, mtoto wa dada yangu. Yupo hapo jikoni sasa hivi, anachambua maharagwe na kujifanya hasikii.

Alizaliwa shambani, msimu wa kuchuma kahawa. Dada yangu Eduvina alishikwa na uchungu akiwa na kikapu kimefungwa kiunoni. Akajifungua palepale kwenye majani makavu, na kabla ya kwenda nyumbani akamalizia mstari wake wa mibuni. Wengine wanasema mstari mmoja. Mimi nilikuwepo, ilikuwa mitatu. Ndivyo alivyokuwa Eduvina, mwanamke wa kumaliza alichokianza, na mtoto alimrithi shingo ngumu hiyo hiyo, ila yeye akaipeleka shule.

Baba yake alikufa Dilcia akiwa bado mtoto wa kusukwa na mama yake. Tumbo. Huku kwetu tumbo linafagia watu kama kideri kinavyofagia kuku. Mtu akianza kukonda na kuichukia nyama, majirani huanza kusema naye kwa upole, hata wale waliokuwa na ugomvi naye, na hapo mwenyewe anajua. Neno lenyewe, saratani, halitamkwi. Dilcia alilitamka mezani, akiwa msichana tu, akamuuliza mama yake mbona hakuna aliyemwangalia baba ndani.

"Ndani wapi?" akauliza Eduvina.

"Tumboni."

"Tumbo la mtu huangaliwa na Mungu. Wewe kula."

Akala, akasoma, akawa muuguzi.

Kisha wakaja wageni, na masanduku yao meusi, na Daktari Maren akiwaongoza. Mwanamke mrefu wa nchi ya baridi, roho nzuri, anayeongea lugha yetu kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Makubaliano yao na hospitali yetu yalipendeza kuyasikia. Wao wangejua kwa nini mlima huu unauawa na matumbo yake. Sisi tungepata mafunzo. Langoni wakatundika kitambaa kirefu chenye bendera mbili na mikono inayoshikana. Dilcia akajifunza kuusafisha mpira, kukishika kichwa cha mgonjwa, kukitumbukiza kinyama kilichokatwa ndani ya chupa ya dawa. Baadaye Daktari Maren akampa mpira wenyewe, akasimama nyuma yake.

"Mkono wako mwepesi kuliko wangu," akamwambia.

Akamwahidi kwamba mradi ukienda vizuri watamchukua kwao asome mpaka ahitimu, na akirudi mashine ya mpira huo itabaki hapa moja kwa moja. Hapo ndipo palipokuwa na donda. Mashine ilikuja na wageni na kuondoka na wageni, na katikati yake watu walirudi kwenye maji ya magadi na ndimu.

Mashine ibaki. Dilcia hakutaka kitu kingine, na alikitaka kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: Eduvina alikuwa ameanza kuisogeza nyama pembeni ya sahani.

Kazi yake ikawa kupanda vilima kutafuta watu, wagonjwa na wazima, maana utafiti uliwataka wote. Hakuna aliyetaka kusikia. Wakasema wageni wanaiba nyongo za watu. Aliyeuokoa mradi, na hakuna mahali alipoandikwa, ni mjomba wake.

"Mjomba, wewe utakuwa wa kwanza."

"Mimi? Tumbo langu linasaga mawe, binti. Mpeleke Goyo. Yule akijamba ng'ombe wanahama."

"Goyo anasema atakuja ukitangulia wewe. Ila anasema hutatangulia. Amewekeana dau na watu pale dukani."

"Dau la nini?"

"La nguruwe."

Mtu mzima ungefanyaje? Nikameza. Sikupepesa hata jicho. Nilipotoka pale nikamwambia Goyo ni kama kumeza tambi, na yeye akaingia akijichekesha, akatoka kijani. Baada ya hapo foleni ikaizunguka hospitali. Wengine ugonjwa ulionekana ukiwa bado mchanga, wakapasuliwa, wakapona, na mpaka leo wapo wananisengenya. Hilo ni kweli na silifichi.

Eduvina peke yake hakupanga foleni.

"Mama, jirani zako wote wameshapimwa."

"Jirani zangu hawakuzaa shambani. Nimevumilia hayo, leo nimeze nyoka?"

"Nyoka hana kamera, mama."

"Afadhali nyoka. Huyo akishaniona ndani hatamsimulia mtu."

Wageni walikuja, wakaenda, wakaja tena. Dilcia alimwona mama yake akiukaza mkanda wa sketi. Alimwona akisimama na kushika meza, halafu akijifanya anaifuta. Hakugombana naye. Alikaa naye jikoni kila alipopata nafasi, wakikanda unga wa tortilla, chapati zetu za mahindi, mpaka siku moja Eduvina akasema, bila kuinua kichwa, "Haya. Lakini wewe ndiye utakayenishika." Wageni walikuwa wamebakiza siku moja tu.

"Usile kitu tangu jioni, mama. Hata kahawa."

"Hata kahawa," akarudia Eduvina.

Sasa hapa nitawaambia jambo ambalo wale wasomi hawakulielewa hata walipoelezwa. Huku kwetu ukimuuliza mtu kama ametia kitu tumboni, atakujibu hapana huku kikombe cha kahawa kiko mkononi. Kahawa haihesabiwi. Na Chayo, aliyesimamia ubatizo wa mtoto wa Eduvina, alikuwa amemzika mumewe juzi yake. Siku za kumwombea marehemu zilikuwa hazijaisha, watu wanaingia na kutoka. Njia ya hospitali inapita mlangoni pake. Upite mlango wa msiba bila kuingia? Uingie, uwekewe kikombe mkononi, useme hapana? Ungekuwa umemwambia mfiwa kwamba maiti wake si kitu kwako. Eduvina aliingia.

Kule hospitali alilazwa ubavu, akapuliziwa dawa ya ganzi kooni. Dilcia akainama kumwekea kile kiplastiki cha kuzuia meno. Harufu ikampiga usoni.

"Mama, umekunywa kahawa?"

"Sijala kitu."

"Sikukuuliza kula."

Eduvina akafumba macho. "Ya msiba, mwanangu. Ya Chayo. Ulitaka niikatae ile?"

"Na mkate?"

"Kadogo. Ka kuchovya."

Daktari Maren alikuwa kwenye sinki, ameupa mgongo mlango, ananawa. Maji yalikuwa yanamwagika, hakusikia kitu. Dilcia alimtazama mgongo. Angeweza kunyamaza. Kila kitu kilikuwa tayari: mashine inawaka, mama amelala, amekubali, na hakuna aliyejua kama angekubali tena. Lakini alikuwa amemwona mzee mmoja aliyedanganya kuhusu supu. Ilimpanda, ikaingia mapafuni, akatolewa pale amebebwa. Akamwona mama yake, mawazoni, akitolewa namna ile. Mkono wake mwepesi ukawa mzito.

"Daktari," akasema. "Amekula."

Daktari Maren akafunga maji. Akaangalia dirishani, ambako dereva alishaanza kupakia masanduku, kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia, na ikinyesha barabara yetu haipitiki, na ndege yao haingewangoja. Kusubiri tumbo litulie kungewafikisha jioni. Akamshika Dilcia bega.

"Safari ijayo mama atakuwa wa kwanza kabisa. Neno langu hilo."

Na Eduvina, mnajua alifanya nini? Alicheka. Alishuka kitandani kama mtoto aliyesamehewa bakora, akajitanda shali yake. Njiani ndipo alipomwambia binti yake: "Umenisemea kwa wageni." Hakulisema kwa hasira. Dilcia mpaka leo angependa angelisema kwa hasira.

Wakangoja. Mvua ikaja, ikaisha. Mavuno yakaja, na kwa mara ya kwanza Eduvina hakufunga kikapu. Alikaa kibarazani akichagua punje mbovu, na watu waliopita walimsalimia kwa upole. Goyo, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, alimletea ndizi. Eduvina alizitazama zile ndizi muda mrefu.

"Hata Goyo," akasema.

Dilcia akaenda kwa Daktari Funes, mkuu wa hospitali, mwanamume mwenye kupenda kufuta miwani wakati miwani haina vumbi.

"Wageni wanakuja lini?"

"Hawaji, Dilcia. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Wamemaliza."

"Wamemaliza nini?"

"Utafiti. Walitaka matumbo ya kiasi fulani, wameyapata. Matumbo yametosha." Akafuta miwani. "Tumesifiwa sana. Wanasema hakuna mahali pengine watu walijitokeza hivi."

"Niliwatoa mimi."

"Najua."

"Na mashine?"

"Inakwenda nchi nyingine. Huko nako wana milima."

"Na masomo yangu?"

"Fedha za masomo zilikuwa ndani ya mradi. Mradi ukifungwa..." Akavaa miwani. "Usinitazame hivyo, binti. Mimi nami nilijulishwa tu."

Ndipo Dilcia akaelewa kilichokuwa mbele yake siku zote. Kadiri alivyowashawishi watu upesi, ndivyo alivyoifupisha kazi. Kila kilima alichopanda kwa jasho, kila mlango aliogonga, alikuwa anaisogeza siku ya masanduku kufungwa. Angekuwa mvivu, wageni wangekuwa bado wapo. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliligundua mwenyewe, ngazini, akishuka kutoka kwa Funes, na akakaa palepale kwenye ngazi na watu wakampita.

Akampeleka mama yake Tegucigalpa, mji mkuu, kwa basi, kwenye hospitali kubwa, kwenye foleni ambamo watu walikuwa wanalala usiku. Walipofikiwa, daktari kijana alimbonyeza Eduvina tumbo mara moja tu, akamwomba Dilcia watoke nje waongee. Eduvina akawaambia semeni hapahapa, mimi ndiye mwenye tumbo. Wakarudi nyumbani. Alikufa mibuni ikiwa imechanua, mlima wote mweupe kama umemwagiwa maziwa. Katika siku za maombi Dilcia alimimina kahawa mwenyewe, kikombe kwa kikombe, na hakuna aliyekataa.

Matumbo yote yale yamehesabiwa, la Goyo limo, langu limo. La Eduvina halimo.

Mwaka uliofuata ukaja mwaliko. Mkutano mkubwa wa kufurahia ushirikiano, jijini San Pedro Sula, hoteli yenye ubaridi wa kugandisha nyama. Dilcia hakutaka kwenda. Funes alimsihi, akasema pengine kuna mradi mwingine, na kwamba hospitali isiyoonekana kwenye sherehe haikumbukwi kwenye bajeti. Nikamsindikiza mimi, na koti la kuazima lililonikaa kama nilizaliwa nalo. Kwenye ukuta walionyesha picha za mlima wetu, za watu wetu foleni, na mimi nikiwa mbele, mzuri kuliko wote. Daktari Maren akapanda jukwaani. Akasema ushirikiano ni kujifunza pande zote, kwamba wao pia walijifunza mila zetu. Akatoa mfano.

"Mama wa muuguzi wetu bora alikuja kupimwa akiwa amekunywa kahawa ya msiba na mkate! Kwao kahawa si kitu cha kuhesabiwa!"

Ukumbi ukacheka. Walicheka vizuri, kwa mapenzi, kama watu wanavyomchekea bibi wa mtu. Daktari Maren naye alicheka, akamtafuta Dilcia kwa macho kati ya meza.

"Mama hajambo, Dilcia? Njoo, njoo huku juu."

Hakuwa anajua. Nani angemwambia? Alikuwa ameshika ngao ya kioo, tuzo yenye jina la Dilcia.

Sasa ndipo mtakapokataa kuniamini. Dilcia akasimama. Akatembea katikati ya madaktari wale, pole pole, na kila meza aliyoipita ikanyamaza. Akapanda. Hakuipokea ngao. Akamnyang'anya Daktari Maren kipaza sauti, akaugeukia ukumbi, akasema kwa sauti iliyotikisa vikombe: Mama yangu amekufa, na mlimhesabia kikombe cha kahawa lakini yeye hamkumhesabu! Ukumbi kimya kama kaburi. Profesa mmoja akadondosha uma. Daktari Maren akapiga magoti hapohapo mbele ya watu, akaanza kulia, na wale wakubwa wa mradi wakainuka mmoja mmoja, wakasema mashine irudi La Cuchilla kesho yake, na Dilcia akaiinua ile ngao juu kwa mikono miwili, akaipigiza chini mpaka vipande vikaruka hadi kwenye—

"Mjomba Lencho. Ngao iko juu ya kabati, inakutazama. Kipaza sauti sikukigusa. Aliniuliza mama hajambo, nikasema hajambo. Nikasema asante. Tukapiga picha."