Kosa la Mstari wa Tatu

Nakumbuka Jumamosi moja pale Kihesa, nikiwa binti wa kwaya, mwalimu wetu alipokataa kunisahihisha. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kuimba Mbeya, na mimi na mwenzangu Tulizo tulipewa ubeti wa watu wawili: yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Kila tukifika mstari wa tatu, wimbo unachafuka.

"Tulizo, unanivuta," nikamwambia.

"Nakuvuta kwa kamba gani, dada? Wewe ndiye unahamia kwangu kama kuku wa jirani."

Wenzetu wakacheka. Nikamgeukia mwalimu aamue. Hakuamua. Aliturekodi kwenye redio ya kaseti, akanikabidhi niende nayo nje.

"Usirudi kuniambia nani kakosea," alisema. "Rudi uniambie ni wapi. Ukishindwa, ubeti ataimba mwingine."

Nilikaa nyuma ya kanisa, baridi inauma masikio. Mwanzoni nilimsikiliza Tulizo tu, nikimtafutia kosa; nyani haoni kundule. Nikarudisha kaseti tena na tena, mpaka nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Kwenye neno moja sauti yake ilipanda, nami badala ya kubaki chini nikapanda nayo. Neno moja tu, mwanangu. Na kwa kuwa siku zote nilirudia wimbo mzima, nilikuwa nalifanyia mazoezi kosa lenyewe.

Nikaliimba neno lile pamoja na linalolitangulia, polepole, kidole sikioni, mpaka likatulia. Nikarudi ndani, nikamwonyesha mwalimu ni wapi, tukauimba ubeti.

"Karibu nyumbani, kuku," Tulizo akaninong'oneza.

Kule Mbeya niliteleza tena, mahali pengine kabisa. Mwalimu alikuwa mbele yetu, lakini sikuhitaji kumtazama. Nilijisikia mwenyewe nikikosea, nikarudi kwenye njia yangu kabla mstari haujaisha.

Mwanangu, leo mna simu, ila naona mnajirekodi ili mrushe kwa watu. Jirekodi usikilize kwanza. Kosa usilifunike kwa kupaza sauti. Litafute mpaka ujue limekaa kwenye neno gani, uliimbe neno hilo polepole, ndipo ulirudishe kwenye wimbo. Usione haya, kuteleza si kuanguka. Mwalimu atakufundisha kusikia, ila hatapanda nawe kila jukwaa.

Mungu akupe sikio linalokwambia kweli, na moyo usioogopa kuisikia.