Bi Thuraiya na Picha ya Mnara

Kwenye picha ile Bi Thuraiya anacheka. Amesimama chini ya mnara wa chuma wa Paris, amevaa koti la mwanawe linalomfika magotini, na mkono wake wenye hina ameunyanyua kuonesha juu. Mtu asiyejua akiitazama atasema mama huyu ana raha zake. Siku ilipopigwa, mumewe tulikuwa tumeshamzika.

Mumewe alikuwa kaka yangu, Thabit. Nyumba yao iko njia ya Wesha, na nyuma yake kuna mikarafuu michache iliyobaki katika shamba la babu yetu. Zamani shamba lilikuwa kubwa na babu alikuwa na watu wa kumchumia. Siku hizi tunachuma wenyewe, na Bi Thuraiya ndiye aliyekuwa akituongoza kwenye kuchambua karafuu kutoka vikonyoni. Alikuwa anakaa juu ya kibao, mikono inakwenda na mdomo unakwenda, na mkono haukuwahi kuungoja mdomo. Mimi nilikuwa mtoto wa kucheza mchangani alipoolewa. Yeye ndiye aliyenipakulia chakula mpaka nikaoa.

Katika maisha yake alikuwa amefika Unguja, na mara moja Dar es Salaam kutibiwa macho. Basi mwanawe Mundhir, aliyekwenda Uholanzi na hajarudi tangu aondoke, alipomletea tiketi ya kwenda kumtembelea, alikataa.

"Msimu wa karafuu huu," alisema. "Nani atakuanikia?"

"Karafuu zilianikwa kabla weye hujazaliwa," kaka alimjibu. "Kila siku unalia na picha ya mwanao. Nenda ukalie mbele yake."

"Basi twende sote."

"Mie na baridi ile? Nitarudi nimeganda kama jodari wa friza."

Pale ukumbini palikuwa na kalenda ya miaka mingi nyuma. Tarehe zake zilikuwa hazina kazi tena, lakini kaka hakutaka itolewe kwa sababu ya picha yake, mnara wa Paris wakati wa jua kuzama. Alizoea kuitazama akinywa chai. Hakuwahi kusema anataka kwenda. Alikuwa akisema tu, "Wamepanga chuma wale," kisha anaendelea na chai yake.

Kwetu mtu hasafiri bila ya kuomba radhi. Atapita kwa wazee na majirani, na mke atamwomba mumewe na mume atamwomba mkewe, maana anayeondoka hajui kama atarudi, na anayebaki hajui kama atakutwa. Siku ya safari Bi Thuraiya alizunguka mtaa mzima. Akamalizia kwa mumewe, aliyekuwa uani amechutama anatandaza karafuu kwenye mkeka.

"Mume wangu, nakwenda. Nipe radhi yako."

Kaka hakunyanyuka. "Radhi utaipata ukinipelekea picha, weye umesimama chini ya mnara ule. Hakuna mnara, hakuna radhi."

Watu tuliokuwepo tukacheka.

"Thabit, hili si la mzaha."

"Nenda, gari inakungoja. Ukichelewa utapanda ndege kwa mbio."

Bi Thuraiya naye akacheka. Lakini aliposhika mlango wa gari aligeuka tena kumtazama, na kaka alikuwa ameshainamia mkeka wake.

Kutoka Uholanzi alikuwa akimtumia mumewe sauti kwenye simu. Alimweleza mifereji ya maji iliyopita katikati ya mji, na vinu vya upepo, na baskeli. "Wanaziendesha kama watu waliofukuzwa," alisema. Siku nyingine alisema: "Mume wangu, huku hakuna anayekuamkia. Nimetoa salamu barabara nzima, aliyenijibu mbwa." Kaka aliisikiliza ile ya mbwa mara nyingi, na kila aliyepita aliitwa aje kuisikiliza.

Kisha siku moja kaka alirudi kutoka shambani mchana akasema kifua kinambana. Tulimtia garini kumkimbiza hospitali ya Chake. Hakufika. Tulimzika alasiri ileile, kwani kwetu maiti halazwi.

Jioni wazee walikaa barazani kuzungumza juu ya Bi Thuraiya. Asma, binti yake mkubwa, alitaka mama yake aambiwe. Wazee wakakataa, na mimi nilikuwepo, na sikuona la ajabu, kwa sababu ndivyo tunavyofanya siku zote. Msiba haumfuati mtu safarini. Mtu huambiwa akishafika kwake, amekaa chini, amepewa maji, na wanawake wenziwe wamemzunguka ili kumshika. Ukimwambia ugenini, tena ana presha, unaweza kuzika wawili. Kumngoja kwa mazishi haikuwezekana vyovyote. Basi Mundhir alipigiwa simu akaambiwa baba yake amefariki na mama yake asijue.

Mundhir alilia mpaka simu ikawa haisikiki. Kisha akauliza, "Sasa mie nikae naye vipi?"

"Usikae naye," ami yetu alimwambia. "Mkikaa ndani atakusoma uso. Mtembeze."

Jirani yetu mwalimu Modester, mwenyeji wa Bukoba, alikuwa na namba ya Bi Thuraiya, na Asma alimwahi mlangoni akiwa tayari ameshika simu.

"Dada Modester, nakuomba usimtumie mama pole."

"Nisimpe pole na mume amekufa?"

"Hajui."

"Hajui! Na yuko wapi sasa?"

"Anatembezwa."

Modester alimtazama sana. "Asma mdogo wangu, hayo ni ya kwenu na mimi ni mgeni," akasema. "Lakini ningekuwa mimi ndiye mama yako, nisingewasamehe." Akaiweka simu mfukoni, akakaa na wenziwe kupika chakula cha watu wa msibani.

Na kweli Mundhir alimtembeza. Alimpeleka kutazama majumba ya wafalme na masoko ya maua, akampandisha boti ya kuzunguka mjini. Bi Thuraiya alinihadithia mwenyewe baadaye. "Kila nikimtazama mwanangu ananigeuzia mgongo. Namuuliza unani, ananambia upepo wa huku unatoa machozi. Nikauvua mtandio wangu nikamfunga nao shingo. Shemeji, nilikuwa nikimfuta machozi ya baba yake, na mie nacheka."

Mwisho walikwenda Paris kwa basi. Alipanda ule mnara hadi kituo cha kwanza, akashuka. Akapigwa picha na kuituma kwenye simu ya mumewe pamoja na sauti: "Thabit, mnara wako huo. Nimepanda mpaka magoti yamenikataa. Haya, sasa nipe radhi yangu."

Hakuna jibu. Akatuma nyingine: "Mbona kimya? Umechukia nimekawia?" Kisha akapiga.

Simu ya kaka ilikuwa juu ya meza ndani, wanawake wamekaa wanasoma hitima. Ililia katikati ya kisomo. Asma aliichukua akakimbilia nayo jikoni na kuiacha imalize. Aliisikiliza sauti ya mama yake. Akajua kuwa kama hakujibiwa atapiga tena, na tena, na atampigia kila mtu. Basi akaandika: "Nimeuona mnara. Kifua kina mafua siwezi kusema. Radhi nimekupa, duniani na akhera." Akatuma.

Kule Bi Thuraiya hakuwa na miwani. Alimpa Mundhir simu. "Nisomee, baba'ko kasemaje?"

Mundhir akasoma. Alijua baba yake yuko kaburini, na akasoma mpaka neno la mwisho.

Bi Thuraiya akapiga kigelegele palepale, Wazungu wakageuka kumtazama. "Nipige picha nyingine," alimwambia mwanawe. "Ile ya kwanza nilikuwa na wasiwasi." Hiyo nyingine ndiyo ile anayocheka.

Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Alikuwa na sanduku jipya, na mkononi ameshika sweta alilomnunulia kaka, hakutaka liingie sandukuni likakunjika. Njia nzima alizungumza. Nilikuwa naendesha, namwitikia tu.

"Kaka'ko kwani hakuja kunipokea?"

Nikasema jua kali. Halikuwa kali.

"Mafua yake yashapoa?"

Nikasema yashapoa.

Tulipofika, mikeka uani ilikuwa imekunjwa. Msimu ulikuwa umepamba moto, kila nyumba mtaani watu wamekaa wanachambua, na kwake hakuna hata harufu. Alisimama kizingitini. Ukumbini walikuwa wanawake wamejaa, wamekaa chini, na mikono yao iko mapajani. Nadhani hilo ndilo lililomwambia. Mchana wa msimu, wanawake wote wale, na hakuna hata mmoja mwenye karafuu mkononi.

"Lini?" aliuliza.

Walimwomba kwanza akae, anywe maji. Akakataa maji. "Nimeuliza lini."

Shangazi yetu akamwambia siku. Bi Thuraiya akatoa simu kwenye mkoba na kuvaa miwani, akatafuta. Kisha akaigeuza simu ile kwa watu.

"Basi huyu nani?"

Asma akatambaa akamshika miguu. "Mie, mama. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Weye?" Hakupaza sauti. "Weye, Asma, ndiye uliyenipa radhi ya baba'ko?"

Halafu akalitandaza lile sweta chini, akalaza kichwa chake juu yake. Hapo ndipo walipomshika.

Walimwosha, hina haikutoka. Walimvisha nguo za eda akaingia chumbani, akawa kizuka, asiyetoka wala kujipaka manukato wala kuonana na wanaume wa nje. Tangu siku hiyo hata mimi shemeji yake, aliyenipakulia tangu utoto, nilizungumza naye yeye ndani ya dirisha na mimi uani, pazia kati yetu.

Mundhir alipopiga, alimpokea. "Asma kaandika," alimwambia. "Lakini weye uliisoma kwa mdomo wako, na mie nakusikiliza." Baada ya hapo alikuwa akiitikia salamu yake, anamuuliza kama amekula, kisha anakata.

Watu nao walisema. Picha ile alikuwa ameituma kwa ndugu na ndugu wakaitawanya, na wako wasiojua mpango wa wazee. Sokoni Chake alisikika mtu akisema kuna mjane wa njia ya Wesha aliyekaa eda yake Paris. Tulimnyamazisha, lakini neno lilikuwa limeshafika dirishani.

Tukamwita shehe. Alikaa uani akazungumza naye vizuri. Alimwambia kuwa eda huhesabiwa tangu mume alipofariki, hata kama mke hakujua, na siku alizotembea zimo na hana dhambi. Na radhi, alisema, mume aliyemtuma mkewe kwa kinywa chake mwenyewe ameshamridhia, mzaha haufuti.

"Ahsante, shehe," alijibu. "Lakini mie nilimwomba, na yeye hakusema. Nilimwomba mara ya pili, akawa hayupo."

Miezi minne na siku kumi ilipotimia tangu kaka afariki, wanawake walikuja kumtoa eda. Aliwarudisha. Alisema eda yake ilianza pale kizingitini, na zile siku za kucheka hazihesabu. Wakamwambia sheria haisemi hivyo. Akasema anajua isemavyo sheria. Akakaa peke yake mpaka siku zake zikatimia, na hapo tena hakutaka kutoka.

Asubuhi moja aliniita dirishani.

"Shemeji Suhaib, nenda kaburini kwa kaka'ko. Mwambie Thuraiya karudi. Mwambie mnara kaufikia, na picha anayo. Anaomba radhi yake."

Nilitaka kumkumbusha maneno ya shehe. Niliona haya. Nikenda.

Kaburi liko nyuma ya mikarafuu. Karafuu za upande ule mwaka huo hakuna aliyezichuma, ziliiva mtini zikaanguka. Nilitoa salamu, nikatazama kama hapana mtu karibu, nikachutama, nikasema kama nilivyotumwa. Nilingoja kidogo, sijui kwa nini. Kisha nikarudi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kama nilivyokutuma?"

"Neno kwa neno."

Asma alikuwa jikoni anaosha vyombo, na vyombo vikanyamaza.

"Kajibuje?"

Nilijua jibu analolitaka. Lilikuwa fupi, na pazia lilikuwa kati yetu, asingeniona uso.

"Hakujibu, shemeji."

Nilisikia kitanda kikilia alipokaa.

"Ahsante," alisema. "Weye umenambia kweli."

Mpaka leo ananituma, kila Ijumaa baada ya sala. Nakwenda, nasema, narudi, na yeye ananiuliza dirishani.