Nakshi ya Tairi la Chirau

Kalama alikuwa fundi wa akala, viatu vya tairi, kwenye kibanda kimoja cha mtaa wa Kibokoni, na hakumkabidhi mteja viatu kabla ya kumpitisha mchangani. Mchanga huo aliuleta mwenyewe kwa gunia, akautandaza mbele ya kibanda na kuusawazisha kwa ubao. Mteja alivaa, akapita, kisha wakainama pamoja kutazama nyayo. Nakshi ya tairi ilipaswa kuelekea mbele, kushoto sawa na kulia.

"Viatu vyako vinafanya mtihani?" Riyadh, muuza kahawa wa jirani, alipenda kumchokoza.

"Vinafanya. Kahawa yako ingefanya, ingeanguka."

Siku Mbodze alipokuja na tairi la tuktuk begani, mzaha huo ulikoma. Mumewe Chirau, aliyekuwa akibeba abiria kwa tuktuk kati ya mitaa ya Liwatoni na Mama Ngina, alikuwa amezikwa majuzi tu. Tuktuk ilisharudi kwa mwenyewe. Nyumbani lilibaki tairi hili kuukuu, lililoegemea ukutani juani mpaka likapasukapasuka.

"Nataka unitengenezee viatu," alisema Mbodze. "Niwe natembea nalo."

Kalama alilizungusha polepole. Mpira usiopasuka ulibaki kipande tu, na juu yake mishale ya nakshi ilikuwa imelika, ikionekana kwa shida.

"Litatoa jozi moja, dada. Nikiharibu, hakuna jingine."

"Basi usiharibu."

Tairi hukatwa kwa upande wa ndani, nakshi ikiwa imelala chini kwenye ubao, haionekani. Kwa hiyo mafundi wengine huchora kwa chaki mahali vidole vya mguu vitakapokaa. Kalama hakuwa na chaki. Alipitisha vidole vyake chini ya mpira, akaipapasa mishale, akajua mbele ni wapi. Jambo hilo alijivunia.

Alikata mguu wa kushoto ukatoka vizuri. Alipoushika mpira wa kulia, Mbodze, aliyekuwa kimya juu ya kigoda, alianza kumzungumzia mumewe. Nyanya yake Kalama alimlea akimwambia kwamba marehemu hatajwi mbele ya kisu kilicho mkononi. Akaweka kisu chini, akaweka na mpira, akasimama.

"Makiwa, dada."

"Tunayo, fundi. Alikuwa na vituko, yule. Akishaondoka asubuhi, hugeuza tuktuk pale pembeni akarudi. Mara leso, mara funguo za nyumba. Namwuliza, wewe mwanamume, unaenda au unarudi?"

Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso aliyojitanda. Kalama alisubiri mpaka akanyamaza, ndipo akaketi na kuuchukua mpira. Vidole vyake vilipapasa chini, vikasita, visijue tena mbele ni wapi. Ingetosha kuugeuza autazame, lakini aliona haya kuonyesha shaka mbele ya mfiwa. Akakata.

Alikuja kuvigeuza viatu vyote viwili alipomaliza kupigilia mikanda. Mishale ya kushoto ilielekea vidoleni. Ya kulia ilielekea kisiginoni.

Mbodze hakuwa ameona kitu, na pengine asingeona kamwe, kama si ule mchanga.

"Dada, nimekosea. Wa kulia nimeukata kinyume, na mpira wa kurekebishia sina."

Mbodze alivichukua viatu, akavivaa, akapita mchangani taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Riyadh aliacha kugonganisha vikombe vyake. Mbodze na Kalama wakainama kama ilivyo desturi.

"Huu wa kushoto unakwenda," alisema Mbodze.

"Unakwenda."

"Na huu unarudi."

"Ndiyo, dada. Unisamehe."

Mbodze aliugusa unyayo wa kulia kwa kidole.

"Kila siku alikuwa akirudi," alisema. "Siku ile ndiyo hakurudi."

Kisha akanyoosha mguu wa kulia mbele ya fundi. "Nikazie ukanda huu, unalegea."

Kalama alipiga magoti akaukaza. Mbodze aliaga, akashika njia ya sokoni.

Asubuhi iliyofuata Kalama alisawazisha mchanga wake, akaketi, akaweka tairi la mteja mwingine kwenye ubao. Kabla ya kugusa kisu, alitoa mfukoni kipande cha chaki.