Nilimwambia kidole chake kitazima Tshopo

Ndugu zangu, kosa ni langu. Msinitafutie shetani wa kumbebesha. Shetani siku ile alikuwa amepumzika. Kazi yote niliifanya mimi kwa mdomo huu!

Ilikuwa wakati wa uasi, hapa Kisangani. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, na kwa kuwa kutembea gizani kulikatazwa, shule yetu ya usiku ilifundisha saa nane mchana! Nilitoka na cheti, kichwa kimejaa kama lori linalotoka Bafwasende. Nikapewa chumba na kompyuta mbili kuukuu, niwafundishe watu wazima kuandika programu: yaani kuiandikia mashine maagizo, mstari kwa mstari, nayo iyafuate.

Waliogopa, jamani! Wengine walikalia mikono yao. Mwalimu mwenye akili angewaambia: gusa, haiumi, ukikosea tutafuta. Mimi? Niliona raha. Kadiri walivyoogopa, ndivyo nilivyorefuka!

"Angalieni vizuri," niliwaambia siku ya kwanza. "Waya huu unatoka moja kwa moja kwenye bwawa la Tshopo, linalotupa umeme. Ukifinya kifungo kibaya, mitambo inasimama, mji mzima giza, hata samaki wa maporomoko wanapotea njia!"

Walicheka. Mama Zaituni hakucheka.

Huyu alikuwa mshonaji wa mtaa wa Mangobo, mjane, wa zile familia za Waislamu wa zamani. Alitaka siku moja mashine imhesabie vipimo: aiambie kifua na kiuno, imjibu akate kitambaa kiasi gani. Wazo lake mwenyewe! Lakini kila kifungo aliuliza kwanza.

"Mwalimu, hii haiko ya Tshopo?"

Nami nilikunja uso kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, hiyo iko karibu-karibu!" Darasa linavunjika mbavu.

Siku ile alikuwa amemaliza programu yake ya kwanza. Ndogo tu: mashine itoe jina lake kwenye kioo. Kilibaki kifungo kimoja cha kuiamuru ianze. Aliinua kidole.

"Mwalimu, nifinye?"

"Finya, Mama! Lakini ujue Tshopo iko mukononi mwako."

Akafinya. Pap! Umeme ukakatika.

Umeme wetu, jamani! Ulikatika hata mtu akipiga chafya ng'ambo ya mto. Kila aliyezaliwa hapa anajua. Lakini yeye alilia, "Yo! Nimeua muji!" nasi tukacheka mpaka tukashikilia meza. Kijana mmoja wa darasa akakimbilia malewa ya jirani, kule askari walikokuwa wanakula, akatangaza: "Mama wa kwetu amezima Tshopo na kidole!"

Wawili wakaja, mikono bado ina mafuta ya samaki. Siku zile waliona mhujumu chini ya kila jiwe.

"Ni nani fundi wa kukata courant?"

Kijana wa malewa akajificha nyuma ya wenzake.

"Nauliza! Ni nani alisema ordinateur hii inaweza kusimamisha Tshopo?"

Mama Zaituni aliniangalia. Si kwa kunishtaki, hapana! Aliniangalia kama mwanafunzi anayengoja mwalimu atoe jibu. Maneno matatu tu yalitosha: ni mzaha wangu.

Nikaangalia dari. "Mimi sijui, chef."

Mwalimu wa kila kitu, siku hiyo sijui kitu! Wakamchukua Mama Zaituni.

Walimwachia baada ya siku chache. Mnajua kwa nini? Umeme ulikatika tena, yeye yuko ndani, hana mashine, mikono imefungwa! Ndipo wakubwa wao wakaelewa. Bwawa lilimtolea ushahidi. Mimi nilikuwa kwa mjomba, tonton wangu, chini ya kitanda. Mwoga! Nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Nilimfuata Mangobo kumwomba msamaha. Jua lilikuwa linazama. Alinipa kiti, akanipa chai.

"Nimekusamehe, mwalimu. Kaa." Kisha akanionyesha swichi ukutani. "Washa taa wewe. Mimi nangojaka jirani aniwashie."

Nikawasha. Tukanywa chai chini ya balbu ile.

Hakurudi darasani. Jina lake hakuliona kwenye kioo hata siku moja. Mashine ya kumhesabia vipimo? Aliacha hata kuitaja!

Sasa ninyi mafundi wa leo, mnaomcheka mtu mzima kwa sababu ameuliza kifungo kiko wapi! Damu yangu inachemka nikiwasikia, kwa sababu nasikia sauti yangu mwenyewe. Mnadhani mnachekesha? Mnajenga ukuta, halafu mnajiita walimu!

Mtu akija anatetemeka, mwambie: finya, Mama, hakuna kitakachokufa. Na umeme ukikatika wakati huohuo, simama wewe, utangulie mlangoni, useme: ni mimi.